Kipimo cha Siku ya Mvua

Kamba ilikuwa imelowa tena.

Vilasini aliishika kwa vidole viwili, akaikamua, maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Kamba yenyewe ni ya nyuzi za mgomba, ina fundo kila baada ya sentimita tano, na hutundikwa msumarini ndani ya nyumba, mbali na dirisha. Wiki nzima mvua haikunyesha. Sasa nani kailowesha? Akatazama sakafuni. Nyayo za majimaji zilitoka mlangoni zikaja mpaka chini ya msumari, nyembamba, zenye vidole vilivyotawanyika. Miguu ile aliijua. Mwaka mzima aliisugua mafuta ya nazi mama yake, Madhavi, alipokuwa hajiwezi kitandani, na ni yeye Vilasini aliyeifunga vidole gumba pamoja siku walipouchoma mwili wake.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "unatafuta nini huko nje?"

Wafu wana jeuri yao. Wanakuja bila hodi, na ukiwauliza wanakunyamazia. Vilasini akachukua tambara akafuta nyayo zile upesi upesi, maana Sheeja alikuwa karibu kuamka, na mtoto mwenye mimba ya miezi saba haonyeshwi mambo kama hayo alfajiri.

Sheeja ndiye mwanawe wa pekee. Mimba mbili za kwanza zilimtoka zikiwa na miezi minane. Watoto walinyamaza tumboni, basi, siku moja wanacheza na siku ya pili kimya. Hospitali wakapima damu, wakapima mkojo, wakasema hawaoni kitu. Mume yuko Dubai anapiga simu kila jioni na kulia. Hii mimba ya tatu ilipofika mwezi wa tano, Vilasini alikwenda kwa mnajimu wa mji wa Ottapalam, mzee mmoja mkali asiyependa kuangaliwa usoni. Akamwaga kete zake, akazitazama, akauliza, "Upande wa mama kuna nadhiri haijalipwa. Ya nani?"

Vilasini alijua ni ya nani.

Madhavi alikuwa amemwambia siku mbili kabla ya kufa. Alimvuta karibu, akanong'ona, "Ulipokuwa na miaka saba, wewe na Rohini mlishikwa na homa ile mbaya. Nilimwahidi Bhagavathi, mungu mama wa hekalu letu, kwamba ukipona, nitampa uzito wako kwa mafenesi ya mti wetu. Ukapona. Sikulipa." Vilasini akamuuliza kwa nini, mama, miaka hamsini yote hii? Bibi kizee akageukia ukutani. "Nilipima, nikaona mti una mafenesi ya mtoto mmoja tu," akasema, na hakusema tena neno lolote la maana mpaka roho ilipomtoka. Rohini, mdogo wake Vilasini, alikuwa na miaka mitatu. Homa ile ile ndiyo iliyomchukua.

Maneno yale Vilasini aliyaweka kando. Kuna maneno mtu anayaweka kando kwa sababu akiyageuza ataona upande wa pili, na yeye hakutaka kuuona.

Ahadi ni deni, haya. Ila deni la hekalu lile lina masharti yake. Aliyewekewa nadhiri anapanda mwenyewe kwenye kitanga kimoja cha mizani kubwa ya Bhagavathi, na kwenye kitanga cha pili yanawekwa mafenesi mpaka vilingane. Ni ya mti ule ule uliotajwa, huongezi hata moja la jirani. Hayakatwi kabla ya siku yenyewe, na hayagusi mizani nyingine yoyote kabla ya ile. Yakipungua, unashuka na aibu yako unasubiri msimu mwingine. Na Sheeja hana msimu mwingine. Kwa hiyo mtu lazima ajue uzito wa fenesi likiwa bado linaning'inia mtini, na hiyo ndiyo kazi ya kamba.

Vilasini alifundishwa na mama yake tangu utoto. Zungusha kamba tumboni mwa fenesi, hesabu. Nyoosha kamba toka kikonyo mpaka kitako, hesabu. Mzunguko mara mzunguko, mara urefu, gawa kwa elfu ishirini, umepata kilo. Hesabu hiyo Madhavi aliirithi kwa baba yake, mchuuzi wa mafenesi aliyeweza kununua mti mzima kwa macho na kamba na asipate hasara.

Mwaka huu mti ulizaa matano. Vilasini aliyapima yote asubuhi ile ile, kwa kamba ile ile iliyolowa, akiwa juu ya ngazi na sari ameikunja magotini. Akajumlisha kwenye kiganja kwa kalamu. Kilo hamsini na saba. Akajumlisha tena. Hamsini na saba.

Yeye mwenyewe, kwa mizani ya duka la mgao wa chakula, alikuwa kilo sitini na mbili.

Sasa sikia upumbavu wa mama mwenye hofu. Mafenesi yamekwisha komaa, hayaongezeki tena. Basi akaamua kupungua yeye. Alipika shuleni miaka thelathini, kajilisha vizuri, kilo tano zitamshinda? Akaanza kunywa maji ya uji wa mchele asubuhi na jioni, wali hagusi, nazi hagusi. Siku ya nne akazimia kando ya kisima. Sheeja akapiga kelele, jirani wakaja, na kabla ya adhuhuri habari, pamoja na zile kilo tano, ilimfikia Mzee Chathunni, mpimaji wa mafenesi wa mtaa mzima, umri wake miaka sabini na minane na ulimi wake haujazeeka hata siku moja.

Alifika akiwa na mwavuli kwapani.

"Yuko wapi huyo anayetaka kumpunja Bhagavathi?" akauliza toka langoni.

"Mzee, usinianze," Vilasini akasema toka kwenye mkeka. Kichwa kilikuwa kinamzunguka.

"Nisikuanze? Wewe unamnyima mungu kilo tano kama muuza vitunguu anayebonyeza mizani kwa kidole! Nadhiri ni uzito wako. Wako wote, na matako yote hayo. Sheeja, mwanangu, mpe mama yako wali, na samaki kama yupo."

"Babu, mwambie wewe, mimi hanisikii," Sheeja akasema, akicheka na machozi yanamtoka.

"Mafenesi hayatoshi!" Vilasini akalia. "Nimepima. Hamsini na saba."

Chathunni akageuza kichwa taratibu akautazama mti. Aliutazama kwa muda, midomo inachezacheza. "Hamsini na saba?" akasema. "Mwanangu, mimi macho yangu yana ukungu, lakini hayo si hamsini na saba. Kula kwanza. Halafu utanipandia ngazi."

Mawingu yalikuwa yamejaa lakini mvua haikunyesha. Vilasini alipokwisha kula akapanda, na mzee akamrushia futi ya fundi cherehani aliyoitoa mfukoni. Yeye akabaki chini anapiga hesabu kwa sauti, bila kalamu, macho kayafumba.

"Tisini mzunguko, hamsini urefu," Vilasini akaita.

"Ishirini na robo. Lingine."

"Themanini na nne. Arobaini na nane."

"Kumi na sita na karibu tisa ya kumi. Lingine, acha kutetemeka, ngazi inalia."

Wakaendelea hivyo. La tatu kilo kumi na mbili na ushei, la nne kumi na mbili na nusu na kidogo. La tano, lililoning'inia chini kabisa karibu na kisima, mzunguko themanini na urefu arobaini na nne, likatoka kumi na nne.

"Sabini na sita," Chathunni akasema. "Manne tu yale mengine yanakutosha wewe, tena kwa unywele. Hili la kumi na nne lichukue akiba."

Vilasini akashuka, akakaa kwenye ngazi ya mwisho. Furaha ilimjia na papo hapo ikakwama. "Sabini na sita," akarudia. "Na mimi nilipata hamsini na saba. Mzee, mimi si mtoto, kupima najua. Nimekosea wapi?"

"Lete hiyo kamba yako."

Akaileta. Ilikuwa imelowa, kama kila siku. Chathunni akaipokea, na alipohisi ubichi wake uso ukamkunjamana. Akakanyaga ncha moja, akavuta nyingine, akailaza kando ya futi. Mafundo yaliyopaswa kuwa sentimita hamsini yalifika hamsini na tano.

"Nani alikufundisha kupima na kamba mbichi? Uzi wa mgomba ukilowa ukavutwa unarefuka. Fundo zinakaa mbali mbali, unahesabu chache. Na kosa lenyewe linaingia mara tatu, mara mbili kwenye mzunguko na mara moja kwenye urefu. Robo nzima ya fenesi imepotea hewani! Babu yako angekuchapa. Siku ya mvua hatupimi, hata mchuuzi mlevi anajua."

Vilasini hakusikia matusi. Alikuwa amemwona mama yake. Si kivuli cha alfajiri. Alimwona kwa kumbukumbu, kama alivyomwona yeye akiwa na miaka saba, amelala mkekani mwili unawaka na Rohini ubavuni mwake. Mvua inapiga vigae. Mama anaingia mlangoni maji yanamchuruzika nywele hadi vidoleni, kamba mkononi, midomo inahesabu. Anasimama juu yao wawili. Anamtazama mmoja, anamtazama mwingine. Anatoka tena kwenda hekaluni.

"Mzee," akasema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. "Mwaka ule wa homa. Mti wetu ulikuwa na mafenesi mangapi?"

Chathunni akaikunja kamba ile mbichi kiganjani.

"Matatu," akasema mwishowe. "Ulikuwa mwaka mbaya. Niliyanunua mimi, wiki moja baada ya kumzika mdogo wako. Mama yako aliniambia nisiyapime kwa kamba, niyaweke kwenye mizani mbele yake. Nikaweka. Kilo thelathini na saba. Nikamwambia kwa furaha, kijana mjinga mimi, 'Dada, una bahati, thelathini na saba!' Akakaa chini kwenye tope. Hapo hapo, na sari yake nyeupe ya msiba. Nikadhani ni majonzi tu."

"Mimi nilikuwa kilo ishirini na moja," Vilasini akasema. "Homa ilipopoa walinipima zahanati, mama aliisema namba hiyo maisha yake yote. Rohini alikuwa kumi na nne."

Ishirini na moja na kumi na nne ni thelathini na tano. Wote wawili walikuwa wanajua kujumlisha. Mti ulikuwa na ya watoto wote wawili, na kilo mbili za kubaki.

"Kamba mbichi ilimwambia ishirini na nane," mzee akasema taratibu. "Na hakuna mtu wa hapa atakayemwahidi Bhagavathi kitu asicho nacho. Bora usiahidi."

"Akaniwekea nadhiri mimi."

"Homa yako ndiyo iliyokuwa kali, mwanangu. Yule mdogo alikuwa bado anaomba maziwa. Kila mtu alidhani yeye atapona mwenyewe."

Vilasini akajifunika uso kwa upindo wa sari akalia kwa sauti, kilio kibaya, cha mtu mzima asiyejali nani anamsikia. Alimlilia Rohini, alijililia mwenyewe aliyechaguliwa bila kuulizwa, na zaidi alimlilia yule mwanamke aliyeishi miaka hamsini na moja akiutazama mfenesi kila akienda kisimani. Angempandishaje mtoto mmoja kwenye mizani, wakati anajua mizani ile ingewachukua wawili? Majuto ni mjukuu, wanasema. Haya yalikuwa yamefika kwa kitukuu tumboni mwa Sheeja.

Siku ya kulipa ilikuwa Ijumaa asubuhi. Walikata mafenesi alfajiri, wakayashusha kwa kamba yasiguse ardhi, wakayalaza kwenye majani ya migomba ndani ya bajaji. Vilasini alipitia duka la mgao akapanda mizani: sitini na mbili kamili. Njiani Sheeja hakubandua mkono tumboni. Karibu na hekalu ndipo aliposema.

"Mama, tangu jana jioni hajacheza."

Vilasini akamgeukia. "Tangu jana? Na hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Twende tukalipe."

Walikuwapo watu wapata ishirini uani, wengine na nadhiri zao za ndizi na za sukari. Vilasini akapanda kwenye kitanga, akakunja miguu, akashika minyororo. Chathunni alikataa mtu mwingine asiyapange mafenesi. Akaelekeza kwa kidole, na wasaidizi wa kuhani wakaweka. La ishirini. La kumi na sita. La kumi na mbili na nusu. Na la kumi na mbili na ushei.

Kitanga cha Vilasini hakikusogea. Kilikaa sakafuni kama kimepigiwa msumari.

"Aa, Chathunni kazeeka!" mtu mmoja akasema nyuma, na wengine wakacheka. "Macho yamekwisha, sasa na hesabu!"

Mzee hakugeuka. Shingo ilikuwa imemsimama mishipa. Katika miaka hamsini hakuwahi kukosea zaidi ya kilo moja, na hata sasa hakuwa amekosea. Alijua hivyo kama anavyojua jina lake. "Wekeni la tano," akasema.

Wakaliweka lile la kumi na nne. Minyororo ikalia, na kitanga cha Vilasini kikapanda polepole mpaka kikawa sawasawa na kingine. Kuhani akapiga kengele. Vilasini hakuisikia. Mapajani mwake mlikuwa na joto, na uzito, na kitu kama nywele zenye jasho zilimgusa chini ya kidevu. Mikono yake ilikuwa imeiachia minyororo zamani, imekumbatia.

Hekaluni pale hawamshushi mtu kwa ghafla. Mafenesi yanaondolewa moja moja kama yalivyowekwa, na lililowekwa mwisho linaachwa mpaka mtu ashuke, kitanga kisiruke kikamuumiza. Wakaondoa la ishirini, kitanga cha Vilasini kikagusa sakafu. Wakaondoa la pili, la tatu, la nne. Lilibaki la kumi na nne peke yake.

"Shuka, mama," kuhani akasema.

Akashuka. Kitanga kitupu kilipaswa kurushwa juu, na fenesi liangukie sakafu kwa kishindo. Wasaidizi walikuwa wamekwisha rudi nyuma kukwepa. Kitanga kikapanda kidogo tu, taratibu, mpaka usawa wa fenesi lile, kikasimama. Hakikuwa na kitu. Minyororo yake ilikuwa imekazwa, haina hata mtikisiko.

Uani hapakuwa na wa kucheka tena. Kuhani alikuwa na kengele mkononi na hakuipiga.

Chathunni akalisogelea fenesi, akaweka viganja juu yake. "Mwanangu," akamwambia Vilasini kwa sauti ambayo ni watu wa karibu tu walioisikia, "nikiliondoa hili, ataanguka."

"Usiliondoe."

Vilasini akarudi kwenye kitanga. Hakuogopa, baadaye alishangaa sana kwamba hakuogopa. Akainama, akapitisha mkono mmoja huku na mwingine kule, kama unavyomwinua mtoto aliyesinzia usitake kumwamsha, akanyanyua. Kitanga kikaruka juu. Fenesi likapiga sakafu, likapasuka, na harufu yake ikajaa ua mzima.

"Imelipwa," kuhani akasema.

Vilasini alitoka langoni akitembea kwa uangalifu, mgongo umepinda nyuma kidogo kusawazisha mzigo. Watu wakampisha. Kwenye bajaji Sheeja alimtazama mama yake usoni, akatazama mikono ile. Akasogea mpaka pembeni kabisa, akaacha nafasi. Chathunni akakaa mbele na dereva, analia waziwazi, na kila dereva alipotaka kuzungumza alimwambia, "Wewe endesha. Endesha polepole."

Nyumbani Vilasini hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja upande wa kusini wa ua, mahali walipomchoma Madhavi na kupanda mnazi mdogo. Ardhi pale ilikuwa imelowa, ingawa kote kwingine ilikuwa kavu. Nyayo nyembamba zilizunguka mnazi, zinakwenda na kurudi, zinakwenda na kurudi.

Vilasini akapiga magoti. Mikono ilikuwa imekufa ganzi hadi mabegani.

"Mama," akasema, "mti ulikuwa na ya wote wawili. Siku ile hukujua, mama. Kamba ilikudanganya. Nimekuletea Rohini wako, huyu hapa, mpokee."

Akainamisha mikono mpaka ikagusa tope. Uzito ukamtoka, kwanza upande wa kichwa, halafu wa miguu, kama mtu anayepokewa na mwingine aliye chini yake. Akabaki amepiga magoti na viganja vitupu. Hapo ndipo alipotamani kumrudisha, na akalia kwa sababu haiwezekani.

Sheeja alikuwa amesimama nyuma yake. Akashuka kwa shida, akakaa kwenye majani, akauchukua mkono wa mama yake wenye tope akaubandika tumboni.

Walikaa hivyo muda mrefu. Jua likapanda juu ya paa. Chathunni alikuja akasimama mbali, mwavuli kwapani.

"Umesikia?" Sheeja akanong'ona.

"Kitu kidogo. Labda ni mkono wangu unatetemeka."

"Si mkono wako."

"Nyamaza basi," Vilasini akasema, "tumsubiri arudie."

Wakasubiri, na akarudia.